Wajibu Hauishii Bandarini

Wazee wetu wamesema kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili lilisemwa juu ya watoto, lakini lafaa pia kusemwa juu ya vitu vitokavyo mikononi mwa watu. Mtu atengenezaye chombo cha kudumu miaka 20, akakiuza, kisha akakikana baada ya miaka michache kwa sababu kimebadili mwenyewe au kimevuka bahari, amezaa asilee. Chombo hicho kitaendelea kuitwa kwa jina lake, kitavaa alama yake kifuani, kitamletea sifa kila kipitapo barabarani. Lakini siku kitakapougua, yeye atasema hakijui. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa jambo hilo latendeka katika biashara ya magari ya umeme yaliyokwisha kutumika. Kuwa ni dhuluma, ijapokuwa haina kelele. Na kuwa dawa yake imo katika uwezo wa sheria zetu na shule zetu.

Tuanze na mambo yalivyo. Magari mengi yaendayo katika barabara za Kenya hayakuja hapa yakiwa mapya. Yalinunuliwa kwanza na watu wa Japani, ambako usukani huwekwa upande wa kulia kama kwetu, yakatumika miaka kadhaa, kisha yakapakiwa melini mpaka Mombasa. Kiwango cha serikali kiitwacho KS 1515 cha mwaka 2000 kilikataza kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka 8. Kwa njia hii mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa omena wa Mbita na mkulima wa miwa wa Awendo wameweza kupata magari ambayo, kama yangekuwa mapya, wasingethubutu hata kuuliza bei yake. Biashara hii si aibu. Ni ngazi ambayo kwayo watu wengi wa kipato cha kati wamepanda.

Sasa miongoni mwa magari hayo yamo ya umeme. Gari la Nissan Leaf lilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa Desemba 2010, na tangu hapo maelfu kwa maelfu yake yamekwisha kutoka katika mikono ya wenyewe wa kwanza. Serikali yetu imeyakaribisha magari ya namna hii. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa juu yake ulipunguzwa kutoka asilimia 20 mpaka asilimia 10, na mwaka 2023 ikawekwa bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Makaribisho hayo yana maana. Petroli yote tuitumiayo huja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya umeme tuufanyao hutoka katika mvuke wa ardhi wa Olkaria, katika maji ya mito, katika upepo na jua.

Hata katika kaunti za Migori na Homa Bay habari ya umeme si ngeni. Katika maporomoko ya Gogo ya mto Kuja ulijengwa mtambo wa megawati 2 katika miaka ya 1950, kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ulifungwa, wenyewe wakaenda zao, lakini mtambo uliendelea kutoa umeme hata katika karne hii ya 21. Haukufa kwa kuondoka kwa watu wa kwanza, maana watu wa pili hawakunyimwa ufunguo wake. Likumbuke jambo hilo, msomaji, maana ndilo shina la maneno yangu yote.

Basi tufikiri habari ya mwalimu mmoja wa Rongo. Simpi jina, kwa kuwa simsemi mtu mmoja. Nawasema wengi walioko na wengi zaidi watakaokuja. Amekopa katika chama cha akiba na mikopo, ameagiza gari la umeme lenye umri wa miaka 7, limefika Mombasa na kuletwa nyumbani. Rangi yang'aa kama kioo. Akiliwasha, maandishi yote ya dashibodi ni ya Kijapani, naye hapati mahali pa kuyabadili, maana gari lililofanywa kwa soko la Japani aghalabu halikupewa lugha nyingine. Pembeni mwa kipimo cha betri mna vipau vidogo, ambavyo gari likiwa jipya huwa 12, navyo hupungua betri inapochakaa. Yeye aona 8. Hakuna aliyemwambia maana yake wakati wa kununua. Alitumaini kwenda Kisumu bila kusimama. Sasa atambua kuwa hata safari ya Homa Bay na kurudi yataka hesabu na dua.

Mwezi wa tatu taa ya hatari yawaka. Amwandikia wakala wa mtengenezaji katika mji mkuu, naye ajibiwa kwa maneno matatu ya adabu: gari hili hatukuliuza sisi, dhamana yake ilikuwa ya nchi nyingine, vipuri vyake hatuna. Tena fikiri juu ya njia. Gari la petroli likiugua, mara nyingi huweza kujikokota lenyewe mpaka kwa tabibu wake. Gari la umeme ambalo betri yake imedhoofika haliwezi kwenda zaidi ya kilomita 300 kutoka Rongo mpaka Nairobi. Ni lazima libebwe juu ya lori kama maiti, lipelekwe kwa tabibu ambaye amekwisha kusema halitazami.

Hapa zipo nane mbili ambazo yafaa tuziweke ubavu kwa ubavu. Watengenezaji wengi wa magari ya umeme hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000. Sheria yetu nayo iliruhusu gari liingie mpaka umri wa miaka 8. Kwa hiyo gari lililo rahisi kuliko yote, ambalo ndilo maskini alitamanilo, lafika bandarini siku ile ile dhamana yake ifikapo kaburini. Na lile lenye umri wa miaka 4 au 5, ambalo kwa haki lingekuwa na miaka 3 au 4 ya dhamana iliyobaki, huambiwa kuwa dhamana hiyo ilikuwa ya nchi lilikouzwa kwanza. Miaka hiyo imekwisha kulipiwa katika bei ya kwanza. Haikutumiwa na mnunuzi wa kwanza, haikupewa mnunuzi wa pili. Imezama baharini, na aliyeokoa gharama yake ni mtengenezaji peke yake.

Huenda ukauliza: kwa nini mwalimu asiende kwa fundi wa jirani? Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo linaloligeuza jambo hili kutoka bahati mbaya kuwa dhuluma. Fundi wa jua kali wa Migori ameyatengeneza magari ya petroli miaka mingi bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Kabureta waweza kuifungua kwa bisibisi na kuona uchafu wake kwa macho. Plagi waweza kuinusa. Lakini katika gari la umeme maradhi mengi hayaonekani kwa macho. Husemwa na kompyuta za gari, nazo hazisemi na kila mtu. Zasema na mashine ya mtengenezaji yenye programu ya mtengenezaji. Kifaa kipya kikitiwa, gari laweza kukikataa mpaka kitambulishwe kwa mashine hiyo. Basi fundi aweza kuwa na mkono hodari, kipuri kizima na nia njema, akashindwa na neno la siri.

Tazama betri yenyewe. Betri ya kwanza ya Leaf, yenye uwezo wa kilowati-saa 24, si kitu kimoja. Ni sanduku lenye moduli 48, na katika kila moduli mna seli 4. Jumla yake seli 192. Seli chache zikidhoofika, betri nzima huonekana mbovu, maana mnyororo hauzidi nguvu ya pete yake iliyo dhaifu. Fundi aliyefundishwa aweza kulifungua sanduku, kupima moduli moja moja, kuondoa zile mbovu na kutia nyingine zinazolingana na zilizobaki. Lakini mtu asiyekuwa na maarifa hayo huambiwa kuwa hapana dawa illa kununua betri nzima, ambayo bei yake yaweza kupita ya gari. Tofauti baina ya kubadili moduli 2 na kubadili 48 ni tofauti baina ya tajiri na maskini, nayo yote imo katika maarifa.

Nalo joto lina sehemu yake. Betri hiyo ya kwanza ya Leaf haikupewa mfumo wa kupozwa kwa maji kama baadhi ya magari mengine, na joto huila betri upesi. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, walilalamika kuwa vipau vyao vilipungua kabla ya wakati. Walikuwa karibu na sheria, karibu na mahakama, karibu na magazeti. Mwaka 2013 kampuni ikatoa dhamana mpya ya kupungua kwa uwezo wa betri. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini jua la Karungu na la Kendu Bay si mgeni kwa joto pia. Je, betri huumwa Arizona tu? Au tofauti ni kuwa mtu wa Arizona alisikiwa, na mtu wa Migori hana mlango wa kubisha?

Usidhani kuwa kutengeneza gari la mkono wa pili ni ndoto ya watu wasiojua magari. Mwaka 1965 mashindano ya Safari, yaliyojulikana duniani kote kwa ugumu wake, yalishindwa na Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho, alikuwa fundi wa magari, na gari alilolitumia lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yake. Magari mapya ya viwanda vikubwa yalikuwapo, yakaachwa nyuma katika matope. Ushindi ule ulikuwa wa mikono na akili; lakini tuongeze kuwa ulikuwa pia wa gari lisilofungwa kwa kufuli. Fundi yule aliweza kulijua gari lake mpaka msumari wa mwisho. Lau Volvo ile ingedai neno la siri kutoka kiwandani kila alipobadili kifaa, sijui kama jina la Joginder tungelisikia.

Sasa tusikilize maneno ya upande wa pili, kwa kuwa si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Neno la kwanza husema hivi: mtengenezaji hakupokea hata senti moja kutoka Migori; alilipwa na mtu wa Japani, na deni lake lilikuwa kwa mtu huyo. Jibu langu ni kuwa senti ya Migori ilimfikia, ila ilipita njia ndefu. Mtu wa Yokohama hununua gari jipya kwa moyo mwepesi kwa sababu ajua kuwa baada ya miaka michache atapata wa kumuuzia lile la zamani. Wanunuzi wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala ndio wanaolipa gari kuukuu thamani yake. Kama sisi tungeacha kununua, bei ya gari kuukuu ingeanguka, na mnunuzi wa kwanza angefikiri mara mbili kabla ya kununua jipya. Sisi tu sehemu ya soko la mtengenezaji, atake asitake. Anayekula tunda la mti asiseme kuwa mizizi si yake.

Neno la pili ni la hatari. Betri ya gari la umeme ina nguvu ya volti 350 au zaidi, nayo yaweza kumwua mtu katika nukta moja. Kwa hiyo, wasema, heri maarifa yake yabaki kwa wachache. Hatari hiyo ni kweli, na mtu asiidharau. Nyaya za rangi ya machungwa zilizomo chini ya gari zimepakwa rangi hiyo ili zimwambie fundi ajihadhari. Lakini tazama matokeo ya hoja hii. Mlango uliofungwa haumwondoi fundi mbele ya gari. Humwondolea fundi maarifa tu. Gari limeharibika, mwenyewe hana kwingine, na fundi ana watoto wa kulisha. Atalifungua. Atakalokosa ni kujua mahali pa plagi ya kukatia umeme, muda wa kungoja baada ya kuikata, na glavu zipi zifaazo. Mwenye kuficha elimu ya hatari hapunguzi hatari. Aiacha iue katika giza.

Neno la tatu ni la siri za biashara na wezi wa kompyuta. Hapa tunasingiziwa tusiloliomba. Mgonjwa ataka kujua maradhi yake na dawa ya kunywa. Haombi siri ya kiwanda cha dawa. Nasi twaomba maana ya alama za hitilafu, utaratibu wa matengenezo, na vipuri kwa bei ya haki. Michoro ya kubuni gari jipya na ibaki kwao. Tena siri nyingi zimekwisha kujulikana bila madhara. Ipo programu ya simu iitwayo LeafSpy, iliyofanywa na mtu wa pembeni asiye wa kiwanda, nayo huonyesha afya ya kila kundi la seli kwa kutumia kifaa kidogo kinachochomekwa ndani ya gari. Mtu mmoja amewapa wenye magari kile ambacho kampuni kubwa haikuwapa, wala dunia haikuanguka.

Neno la nne ndilo linaloniudhi zaidi: asiyeweza gari jipya asinunue. Neno hili si hoja. Ni dharau iliyovaa koti. Limesahau kuwa gari likitupwa likiwa na miaka 8 badala ya kutumika miaka 15, madini yaliyochimbwa kwa jasho, na moshi uliotoka kiwandani wakati wa kulifanya, vimepotea bure. Viwanda vyatuambia kila siku kuwa gari la umeme ni rafiki wa dunia. Urafiki gani huo unaokoma mara gari linapofika kwa maskini?

Wako pia wasemao kuwa soko letu ni dogo, na kulihudumia ni hasara. Ikiwa magari ni machache, basi na gharama ya kuyahudumia ni chache. Hatuombi sadaka. Mwalimu wa Rongo yu tayari kulipa kwa kazi iliyofanywa na kwa kitabu cha maelezo. Analokataa ni kuambiwa kuwa fedha yake haina thamani katika duka lenye jina lile lile lililoandikwa juu ya gari lake.

Isitoshe, jambo tunalolidai si geni duniani. Ulaya ilitoa amri mwaka 2007 kuwa watengenezaji wawape mafundi wasio wa kampuni habari za matengenezo. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 2012 kutaka haki hiyo, na mwaka 2020 wakapiga kura tena ili ienee mpaka habari zinazorushwa na gari kwa mawimbi. Afrika nayo haikukaa nyuma. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, unaowaruhusu wenye magari kuyapeleka kwa mafundi wa kujitegemea bila kunyang'anywa dhamana, na unaotaka habari za ufundi zipatikane. Ulaya tena, kwa sheria ya mwaka 2023, imeagiza kuwa kuanzia Februari 2027 betri ya gari la umeme iwe na hati yake maalumu yenye habari zake. Mali bila daftari huisha bila habari. Wenzetu wameliona hilo.

Nasi tunao msingi ulio imara. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kuwa mtumiaji wa bidhaa ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kufaa, na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili apate faida kamili ya bidhaa hizo. Soma maneno hayo polepole. Hayasemi mtumiaji wa kwanza. Hayasemi mtumiaji wa Nairobi. Mwenye gari asiyeweza kusoma dashibodi yake, wala kujua maana ya taa inayowaka, amenyimwa habari hizo. Lililobaki ni kuyashusha maneno ya Katiba kutoka katika kitabu mpaka katika gereji.

Kwa hiyo nasema kuwa yafaa mambo manne yafanywe. La kwanza, gari la umeme lililotumika lisiingie bandarini bila cheti cha afya ya betri, kilichopimwa na kutiwa sahihi, ili mnunuzi ajue anunuacho. La pili, kampuni yenye wakala nchini ihudumie, kwa malipo ya haki, kila gari lenye jina lake, popote lilipouzwa kwanza. La tatu, maelezo ya matengenezo, programu za kupimia na vipuri viuzwe kwa kila fundi mwenye cheti cha kazi hiyo. La nne, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe umeme wa nguvu kubwa kwa vitendo, juu ya magari halisi, katika miji ya magharibi kama katika mji mkuu.

Lakini nisiwaelekezee wengine kidole na kuwaficha wa nyumbani. Wapo wauzaji wetu waijuao betri mbovu na kunyamaza, wakaosha gari na kupaka matairi rangi nyeusi. Wapo wanunuzi wanaochunguza redio kabla ya betri. Tena tumeona jinsi ilivyo hatari kuweka maarifa yote katika nyumba moja. Mwaka 2018 kampuni ya NopeaRide ilianza teksi za umeme mjini Nairobi, ikitumia magari ya Nissan Leaf, na watu wakaona kuwa magari hayo yaweza kazi ya kila siku katika mji wa Kiafrika. Mwishoni mwa mwaka 2022 ikafungwa kwa kukosa mtaji. Kampuni hufa kama watu wafavyo. Maarifa yaliyomo ndani ya kampuni moja huzikwa pamoja nayo. Yaliyoenea kwa mafundi mia hayazikiki.

Kando ya ziwa letu yapo mafundisho mengine. Kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa msaada wa wakfu wa Siemens Stiftung wa Ujerumani, imeweka vituo vya nguvu za jua katika sehemu za ziwa kama Mbita, ambako wavuvi wa omena hukodi taa za betri badala ya taa za mafuta. Mvuvi hukodi taa jioni, huirudisha asubuhi. Ikiharibika, aliyempa yuko pale pale ufukoni wa kuulizwa. Tofauti ya taa ile na gari la mwalimu wa Rongo si ya utaalamu, maana zote mbili ni betri. Ni kuwa mwenye taa amekaa karibu na wajibu wake, na mwenye kiwanda cha gari amekaa mbali na wake. Sheria kazi yake ni kumleta karibu.

Nawe, mwanafunzi usomaye ukurasa huu, usidhani kuwa maneno haya ni ya watu wazima wenye magari. Huenda leo huna hata baiskeli. Lakini hesabu ya umeme unayofundishwa darasani, ile ya volti, ampia na omu unayoilalamikia kuwa haina kazi, ndiyo alfabeti ya ufundi huu. Yule atakayekuwa wa kwanza kufungua gereji ya magari ya umeme katika mji wa Migori, akawa na glavu zake, vyombo vyake vya kupimia na cheti chake ukutani, huenda ameketi dawati moja nawe. Na yule atakayesimama Bungeni au katika mahakama akadai haki ya kifungu cha 46 huenda ni wewe. Mmoja bila mwingine hafai. Fundi bila sheria atanyimwa ufunguo. Sheria bila fundi itafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Basi jifunzeni kuuliza. Mtu akija kuwauzia chombo, msiulize bei na rangi peke yake. Ulizeni: kikiharibika, ni nani atakayekitengeneza, wapi, kwa chombo gani, na kwa ruhusa ya nani? Mwenye kuuza akikosa jibu, mwandikieni mtengenezaji. Mtengenezaji akinyamaza, mwandikieni mbunge wenu na Mamlaka ya Ushindani. Mlipe mnachopaswa kulipa, lakini msikubali kuambiwa kuwa wajibu wa aliyefanya chombo uliishia bandarini, na kuwa kutoka Mombasa mpaka Migori kimekuwa yatima.